Kabla ya Kumtia Punda Chuma Kinywani

Mazungumzo ya leo ni ya punda, na hasa yule punda ambaye kila mtaa unaye mmoja: anayekataa kugeuka, anayerusha kichwa, anayesimama katikati ya barabara na mitungi mgongoni, wala haoni fimbo wala hasikii kelele.

Swali ninaloulizwa juu ya punda huyo ni lile lile. Wanauliza wauza maji wenye mikokoteni, wanauliza vijana wa mchanga na matofali, wanauliza na akina mama wanaokwenda mtoni kabla ya alfajiri: nimtie nini kinywani ili anisikie? Wengine wameona farasi kwenye televisheni wakiwa na lijamu ya chuma na vigwe vya ngozi, wakafikiri siri iko pale. Kwa kuwa lijamu ya dukani ni ghali na haipatikani Kitui mjini wala Wote, wanatengeneza yao. Wanatumia kamba ya nailoni, waya wa kufungia ua, hata kipande cha nondo kilichokunjwa.

Jibu langu nalitoa mapema ili asiyeweza kusikiliza hadi mwisho asilikose. Punda wa maji hahitaji chuma kinywani. Anayekugomea, mara nyingi sana, anaumwa mahali, na ukiongeza maumivu mengine kichwani utakuwa umemnyang'anya njia yake ya pekee ya kukwambia.

Nilimwona mmoja ukingoni mwa mto Thua wakati wa kiangazi, wakati mto wote ni mchanga mtupu na maji yanachotwa kwa kikombe kutoka kwenye shimo lenye kina cha kumzidi mtu. Punda walikuwa wamejipanga kivulini wakisubiri mitungi ijae. Huyu mmoja alikuwa amepitishiwa kamba nyembamba ya buluu kinywani, juu ya ulimi, ikafungwa fundo chini ya kidevu. Mwenyewe, kijana mpole tu, akaniambia kwamba punda huyu ni mkaidi, bila kamba hiyo haendi. Tukaifungua pamoja. Pembe zote mbili za mdomo zilikuwa zimechanika: upande wa kushoto kovu la zamani, jeupe na gumu, upande wa kulia nyama mbichi yenye nzi. Kwenye shavu kulikuwa na bonge la nyasi zilizotafunwa nusu zikaachwa. Na tulipoinua gunia la mgongoni, tukakuta kidonda cha ukubwa wa kiganja pale mgongo unapokutana na shingo. Kamba ile ilikuwa inamvuta kwenda mbele, na kila hatua ya kwenda mbele ilisukuma mzigo juu ya kidonda. Kwa punda huyo, kusimama ndiyo nafuu pekee aliyokuwa nayo.

Sasa tukiangalie kinywa chenyewe, maana ukikielewa utajua kwa nini nasema hivi. Punda na farasi wana meno ya mbele ya kukatia nyasi, kisha pengo, kisha magego ya kusagia. Lile pengo ndipo binadamu alipopata nafasi ya kuweka lijamu. Watu hudhani kwamba kwa kuwa hapana meno, hapaumi. Kumbe ufizi wa hapo ni ngozi nyembamba iliyotandazwa juu ya ukingo wa mfupa wa taya, na ulimi umejaza karibu nafasi yote iliyobaki chini ya kaakaa. Madaktari wa mifugo waliopiga picha za eksirei za farasi wakiwa na lijamu kinywani walikuta kwamba nafasi ya ziada ni ndogo mno: chuma hakina pa kukaa isipokuwa juu ya ulimi.

Halafu kuna meno. Meno ya jamii hii ya wanyama huendelea kuchomoza kwa miaka mingi, milimita 2 au 3 kwa mwaka, na hulika kwa kusagana. Taya la juu ni pana kuliko la chini, kwa hiyo kingo za magego hazisagiki sawasawa. Za juu hubaki na makali upande wa shavu, za chini upande wa ulimi. Mnyama mwenye makali hayo akivutwa kamba, shavu lake linabanwa kwenye wembe wa meno yake mwenyewe. Atarusha kichwa, na sisi tutasema ana kiburi. Wapo pia wenye kijino kidogo kinachoota mbele tu ya gego la kwanza. Lijamu ikikigonga, mnyama hushtuka kana kwamba amepigwa. Hakuna lijamu duniani inayoponya jino. Daktari wa mifugo mwenye tupa ya meno hulimaliza jambo hilo kwa muda mfupi.

Ukitaka kujua kama punda wako yumo katika hali hiyo, mtazame akila. Anayedondosha mabonge ya majani yaliyotafunwa nusu, anayepinda kichwa upande mmoja anapotafuna, anayetoa harufu mbaya kinywani, anayekonda ilhali majani yapo, huyo ana shida ya meno. Pitisha vidole juu ya shavu kwa nje, taratibu, ukifuata mstari wa magego. Akivuta kichwa pale pale kila mara, umepata mahali. Usiingize mkono kati ya magego yake, na usimvute ulimi ili uone ndani. Kazi hiyo mwachie daktari.

Niseme kidogo juu ya farasi, kwa sababu ndiko wazo la lijamu lilikotoka, na kwa sababu hata huko kwenye pesa na wataalamu mambo hayajanyooka. Kuna mchezo wa farasi unaoitwa dresaji, ambamo farasi hufundishwa kwenda hatua kwa hatua, kugeuka, kurudi nyuma, kuruka kwa madaha, akifuata ishara ndogo mno za mpandaji. Unachezwa hata hapa Kenya, kule Karen na uwanja wa Jamhuri, Nairobi, na Olimpiki huutolea medali. Wenye farasi wagumu katika mchezo huo huuliza swali lile lile la wauza maji: nibadilishe, niweke lijamu ipi? Na waalimu wazuri hujibu kwa swali: meno yamekaguliwa lini, tandiko linakaaje mgongoni, na mkono wa mpandaji ukoje?

Baada ya hayo ndipo lijamu inapochaguliwa, na uchaguzi wenyewe una sababu zake. Ya kawaida ni chuma chenye pete mbili, na nguvu ya mkono hufika kinywani kama ilivyo. Kuna nyingine yenye mikono miwili ya chuma inayoteremka kando ya mdomo na mnyororo chini ya kidevu. Hiyo ni wenzo. Sehemu ya mkono iliyo chini ya chuma cha kinywani ikiwa na urefu mara mbili ya ile iliyo juu yake, ukivuta kwa nguvu ya kilo 1, kinywa kinabanwa kwa kilo 3. Ndiyo maana vigwe vya lijamu hiyo hushikwa na mtu aliyefundishwa miaka mingi, na kwa vidole, si kwa mabega. Chuma chembamba hukata, na kinene mno hujaza kinywa kisifunge. Kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Farasi, FEI, zinataka lijamu ya kawaida ya dresaji isipungue unene wa milimita 14 kwa farasi. Ilinganishe na waya wa ua.

Na pamoja na kanuni zote hizo, watafiti wa Denmark walipokagua zaidi ya farasi 3,000 wa mashindano, walikuta karibu 9 katika kila 100 wana vidonda kwenye pembe za mdomo. Hao ni farasi wenye madaktari, wenye waalimu, wenye matandiko ya kushonewa. Mgiriki Xenophon aliandika kitabu cha ufundi wa farasi karne ya 4 kabla ya Kristo, na humo alikwisha kupambanua lijamu laini na lijamu ya miiba. Miaka zaidi ya 2,000 imepita na binadamu bado anajadili kinywa cha mnyama. Kwa hiyo anayedhani kwamba kamba ya nailoni itamtatulia jambo hili kwa asubuhi moja ajue anabeba kitu kizito kuliko anavyofikiri.

Tena punda si farasi mdogo. Farasi akiogopa hukimbia. Punda akiogopa husimama, akatazama, akapima. Amezaliwa hivyo. Utafiti wa jeni uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Science ulionyesha kwamba punda wote wa kufugwa duniani wana asili moja, nayo ni upande huu wetu wa Afrika, yapata miaka 7,000 iliyopita. Ndugu zake wa porini bado wapo wachache Eritrea na Ethiopia, wanaishi kwenye majabali na jangwa, kila mmoja akijihami peke yake mahali ambapo kukimbia ovyo ni kuvunjika mguu. Tabia ya kusimama na kufikiri ndiyo iliyomfikisha hapa. Ukimchapa wakati anapima hatari, unamthibitishia kwamba hatari ipo, na iko nyuma yake.

Pia punda huficha maumivu. Farasi mwenye tumbo la kuuma atajibwaga chini na kugaagaa. Punda mwenye maumivu hayo hayo huenda akasimama tu, masikio yamelegea, hali. Kwa hiyo siku anapokataa kabisa kusogea, usidhani ndiyo kwanza ameanza kuumwa.

Tumeangalia kinywa; twende mgongoni, maana huko ndiko ukaidi mwingi wa Ukambani unakotoka, na hapa nitaomba tufanye hesabu pamoja. Mtungi mmoja wa maji ni lita 20, yaani kilo 20. Tunamfunga punda mitungi minne: kilo 80. Punda wetu wengi wana uzito wa kilo 120 hadi 160. Wataalamu wa wanyama hao husema mzigo wa mgongoni usizidi theluthi ya uzito wake, yaani kilo 40 hadi 50 na kidogo. Tunamtwisha nusu ya uzito wake au zaidi, kilomita kwa kilomita, jua la Februari, kisha tunashangaa kwa nini hageuki anapovutwa. Mitungi miwili, na kwa punda mkubwa kimtungi cha lita 10 juu yake, ndiyo haki yake. Najua familia ya watu wanane na mbuzi inahitaji maji kuliko hayo. Najua pia kwamba safari ya pili ni saa nyingine tatu. Ndiyo maana naamini mabwawa ya mchanga, kama yale ambayo shirika la SASOL limejenga na wananchi wa Kitui tangu miaka ya 1990 na yale ya shirika la Utooni upande wa Makueni na Machakos, yamewatuliza punda wengi kuliko kamba na fimbo zote tulizo nazo. Mto ukisogea karibu, mzigo unagawanyika.

Na gunia peke yake si tandiko. Gunia moja lililokunjwa juu ya uti wa mgongo huukandamiza uti wenyewe. Shona mito miwili mirefu, ijaze nyasi kavu au mabaki ya pamba, iunganishe kwa mikanda ili kila mto ulale upande wake na uti ubaki wazi katikati, upitishe hewa. Watu wa Lamu, ambao mji wao umeendeshwa kwa punda tangu zamani na tangu mwaka 1987 una kliniki ya punda isiyotoza malipo, wana shogi na khorji za kazi hiyo. Sisi tuna gunia, tuna uzi, na mama wa Kikamba anayesuka kiondo cha katani hashindwi kushona mito miwili. Kwa mkokoteni, angalia ukanda wa kifuani: uwe mpana, laini, upite chini ya koo na juu ya viungo vya mabega. Ukanda wa tairi lililokatwa hukwangua ngozi, na ukipanda juu unamkaba. Anayekabwa hasogei.

Ukimaliza kukagua kinywa, mgongo, kifua na kwato, na ukampumzisha mwenye kidonda mpaka kifunge, ndipo tuje kwenye kichwa. Mvalishe hatamu ya kitambaa, isiyo na kitu kinywani. Ni kazi ya jioni moja. Chukua mkanda wa pamba wenye upana wa vidole viwili au vitatu, au turubai iliyokunjwa mara mbili na kushonwa kingo zake. Nailoni hapana, inakata na inaunguza ikivutwa. Kamba ya katani ni nzuri kwa kuongozea, lakini isigusane na ngozi ya uso. Pande moja lizunguke pua, jingine lipite nyuma ya masikio, na yaungane mashavuni. Pande la pua likae chini kidogo ya mfupa wa shavu unaochomoza, upana wa vidole viwili tu. Lisishuke karibu na matundu ya pua, kwa sababu huko mfupa umekwisha, ni gegedu laini, na punda hapumui kwa mdomo. Pua ndiyo njia yake pekee ya hewa. Ukiibana, akisimama usimlaumu. Kila pande liruhusu vidole viwili kuingia bila kusukuma. Na mvue usiku, asije akanaswa na kijiti cha boma.

Kisha mfundishe. Simama ubavuni, si mbele ukimkazia macho. Vuta kamba kidogo, ukae hapo hapo bila kuongeza. Akisogeza uzito wake tu, hata kabla mguu haujainuka, legeza papo hapo. Kule kulegeza ndiko kunakomfundisha. Anayeendelea kuvuta baada ya punda kutii amemfundisha kwamba kutii hakuna faida. Rudia mara chache, pumzika, kesho tena. Mpe jina na umwite nalo kabla ya kuvuta. Kama ana mwenzake aliyekua naye, waende wote siku za kwanza. Punda hushikamana wawili wawili, na wengi wanaogoma njiani wanamtafuta aliyeachwa nyumbani, au ni mama mwenye mtoto aliyefungiwa bomani. Na yule wa miaka miwili mwache akue: mifupa yake haijakomaa kubeba mzigo kabla ya kufikia miaka mitatu hadi minne. Dume anayeuma watu na kupigana, mwone daktari umhasi. Kamba ya kinywani haitamwondolea tabia hiyo.

Wapo watakaonijibu kwa methali. Punda afe, mzigo wa bwana ufike. Fadhila za punda ni mateke. Methali hizo zilitungwa wakati punda aliyekufa alifuatwa na mwingine. Tazameni hali ilivyo sasa. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu punda wapatao milioni 1.8 nchini, ile ya 2019 ilipata kama milioni 1.2. Katikati hapo vilifunguliwa vichinjio vya punda, Naivasha, Mogotio, na jirani zetu Machakos, ngozi zikasafirishwa China kutengenezewa dawa, na wizi wa punda ukaingia vijijini. Serikali ilipiga marufuku uchinjaji huo mwaka 2020, mahakama ikaitengua marufuku mwaka 2021, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana Addis Ababa kusitisha biashara ya ngozi za punda barani kote. Anayefuga punda Kitui na Makueni leo anajua bei ya kumpata mwingine. Na tusisahau kwamba sheria ipo: Sura ya 360 ya sheria za Kenya, ya kuzuia ukatili kwa wanyama, inamtaja anayemtwisha mnyama kupita kiasi na anayemfanyisha kazi akiwa na kidonda. Sijasikia watu wengi wakifikishwa mahakamani kwa hilo huku kwetu, na wala sina haja ya kuona mama aliyetoka mtoni akipelekwa korokoroni. Ninachokitaka ni rahisi kuliko hicho.

Nawaomba wakuu wa idara za mifugo wa kaunti hizi mbili. Siku ya mnada Emali, siku za soko Mutomo, Zombe na Kathonzweni, punda hufika kwa makumi wakiwa na mikokoteni na mizigo. Wekeni meza moja chini ya mti. Pawe na daktari mwenye tupa ya meno na dawa ya vidonda, fundi wa cherehani, mikanda ya pamba, na mzani wa kuning'iniza mitungi ili mwenye punda aone kwa macho yake kilo alizofunga. Kila atakayeleta kamba ya nailoni au waya aliokuwa akimtia punda wake kinywani, apewe hatamu ya kitambaa bila malipo, na avalishiwe punda wake pale pale, vidole viwili vikiingia.